Siyo Someni

Miaka mitatu daftari la chama lilisema mimi ni Someni.
Karani Mchopa aliandika huku anatafuna, kalamu ikateleza,
na mimi niliyepewa jina la Somoe na bibi mzaa mama
nikaitikia.

Ndivyo nilivyokuwa.
Dukani naomba chumvi, napewa sukari, nashukuru,
narudi nyumbani kula kisamvu kisichokolea.
Harusini nakaa karibu na majiko:
moshi haumuulizi mtu habari za watoto.
Wenzangu wakisema, "Somoe ana maringo,"
natamani kuwaeleza, lakini hata kujitetea kunataka mdomo,
na wangu ulishonwa kama gunia la daraja la kwanza,
uzi wa katani, mshono juu ya mshono.

Kisha ikaja benki.
Benki haijui haya. Hela ya korosho, kilo mia nne na kumi na mbili,
ilitumwa kwa Someni, akaunti yenyewe ya Somoe,
ikarudi ilikotoka.
"Njoo mkutanoni Jumamosi," Mchopa akasema kwenye simu,
"useme mbele ya wanachama, wathibitishe."
Mbele ya wanachama!
Usiku ule hapa Kitangari ukungu ulishuka hadi mlangoni
na mimi nikaona bora hela ipotee.

Alfajiri nikaenda shambani, siyo kuokota.
Nikasimama mbele ya mkorosho uliopinda, ule wa mpakani,
nikauambia: Jina langu siyo Someni.
Kima mmoja akaacha bibo lake, akanitazama.
Nikaona haya. Mbele ya kima!
Nikacheka peke yangu, nikasema tena.
Nikamwambia mbuzi.
Nikainamia tangi la maji ya mvua, nikaliambia,
likanirudishia sauti nene kuliko yangu. Nikaipenda.
Ijumaa nikamwambia kijana muuza ming'oko pale stendi:
"Naitwa Somoe." Akasema, "Sawa mama, ya mia tano?"
Dunia haikupasuka. Nikanunua ya elfu.

Jumamosi. Ghalani, viti vya plastiki, vumbi la salfa bado ukutani.
Ajenda ya tatu, ya nne. Moyo
nausikia masikioni kama jirani anayetwanga.
"Mengineyo?"
Mkono wangu ulikuwa mzito (nimebeba magunia, uzito naujua),
ukafika begani, ukagoma, nikausukuma kwa ule mwingine.
"Mama pale nyuma."
Nikasimama. Kiti kikanifuata, kimenasa kwenye khanga.
Watu wakacheka.
Hicho ndicho nilichokiogopa maisha yangu yote,
na kilipokuja kilidumu kama chafya.
Nikabandua kiti. Nikasema,
"Jina langu siyo Someni."
Mchopa akaweka kiganja sikioni: "Sauti, mama!"

Hakuna aliyeniambia kwamba itabidi kusema mara mbili.
Ya kwanza hukutoka tu; ya pili unaiona inavyokuja.
Nikalikumbuka tangi. Nikainama kidogo, kama nalisemesha:
"Somoe! Somoe binti Nandonde. Kilo mia nne na kumi na mbili!"

Kimya. Halafu kule mbele Likwata,
mtu wa maneno mengi kuliko redio,
akainuka taratibu, kofia mkononi:
"Na mimi... mimi siyo Likwanda. Tangu msimu wa juzi.
Niliona haya kusema."

Hela iliingia Alhamisi.
Harusini bado nakaa karibu na majiko, moshi nimeuzoea,
ila nikiulizwa habari za watoto najibu, na zao nauliza.
Jana nilipita dukani. Njia nzima nilikuwa najiandaa:
hii siyo, naomba chumvi, hii siyo.
Muuzaji akanipa chumvi.
Nikabaki nimesimama pale kaunta,
sentensi nzima mdomoni, haina pa kwenda,
nikamwambia, "Mimi naitwa Somoe. Wewe je?"