Kigingi Namba Arobaini na Moja

Ndege ya alfajiri ilichelewa.
Bajaji saba kwenye foleni, injini zimezimwa,
Hokororo anamenya korosho za kuchoma,
mimi nahesabu pesa za bosi. Hazitoshi.

Alitoka wa mwisho: begi dogo,
fungu la vigingi, na miguu mitatu ya chuma
iliyofungwa kamba kama mbuzi wa mnadani.
"Injinia Kokubelwa," akajitaja, kama anayesaini.
"Nipeleke mahali reli itakapokutana na uwanja."
Nikacheka. Mama, hapa Mtwara
reli na uwanja hawajawahi kusalimiana,
na hiyo reli yenyewe aliiona babu yangu, akiwa bado na meno.

Njiani akanikunjulia karatasi.
Mstari mweusi ni treni, toka bandarini hadi ziwani.
Mstari wa buluu, mwembamba,
ni kigari kisicho na dereva:
kinamchukua msafiri mlango wa ndege,
kinamshusha mlango wa treni,
dakika nne, hakisemi, hakidai chenji.
"Kisicho na dereva," nikarudia,
nikashika usukani vizuri.

Tukafika kwenye tuta.
Mgeni huona kilima kirefu chenye nyasi.
Sisi tunajua ni reli ya karanga:
karanga zilikataa, reli ikang'olewa kama jino.
Mataruma yake yamo majumbani mwetu,
kizingiti kwa Nambunga, kivuko cha mtaro msikitini,
na kipande kimoja, urefu wa mkono,
kinaning'inia kwenye mkorosho wa shule ya msingi.

Alitaka kukiona.
Mwalimu Asumini Malibiche akampa nondo:
"Piga. Ila ujue watoto watatoka."
Akapiga.
Sauti ikaenda mbali kuliko treni yoyote niliyoahidiwa,
na watoto mia tatu wakamwagika nje
saa nne haijafika, hesabu za kugawanya zimebaki ubaoni,
naye amesimama na nondo mkononi
kama aliyevunja sahani ya watu.

Kisha kazi. Yeye jicho moja kwenye darubini,
mimi nimeshika fimbo ya milia, nyekundu na nyeupe,
"kushoto kidogo, hapo hapo, usipumue,"
msaidizi wa kujifuta kazi mwenyewe.
Kigingi cha arobaini kilikaa nyuma ya vyoo vya wasichana.
Cha arobaini na moja
kiliangukia shina la mkorosho, chini ya kengele.
Akatazama karatasi. Akatazama mti. Karatasi tena.
"Kipimo hakina kosa," akasema, si kwangu,
na kigingi akakibana kwapani.

Kurudi, kimya. Karibu na Mangamba akauliza
bei yangu, uwanjani hadi mjini.
Elfu tano, nikasema, ukiwa na mizigo tunaongea.
Bi Somoe alipotoka Dar na mguu wa plastiki
nilimbeba mgongoni mpaka kitandani;
hiyo sikuipangia bei.
"Kigari chako, kitambeba?"
Akaandika kitu. Sikukisoma.
Huenda ilikuwa ile elfu tano.

Aliondoka Alhamisi.
Walisema greda litakuja baada ya masika.
Masika mawili yamepita, mkorosho umezaa,
kengele inalia saa nne, saa nane,
na sijui kama mstari umepindishwa
au karatasi imelala kabatini.

Kigingi alikisahau chini ya kiti cha nyuma:
mti wa msaji, ncha nyekundu,
41 kwa wino usiotoka hata kwa petroli.
Pale tunapoegesha pana mteremko,
na breki yangu ya mkono haishiki.
Ndege ikinguruma juu ya minazi
nakichomoa tairini,
nakitupa kitini,
nawasha, nasogea mlangoni.