Nusu Kidonge

Kisu cha siagi hakikufaa, kilisaga kidonge kikawa unga.
Nikanunua wembe.
Kabla Punta Arenas haijawasha taa
naweka ubao mezani, nakata,
nusu iliyobaki nairudisha chupani kama deni.

Miezi saba tulimngoja daktari wa akili wa watoto,
ajaye kwa ndege mara moja kwa mwezi, upepo ukiridhia.
Juni upepo uligoma.
Alipofika alimpa Anselmo karatasi, achore nyumba.
Akachora mlango mtupu,
na komeo kwa ndani.

Siku hizi analala. Kichwa hakigongi tena ukutani.
Suruali zote zinambana kiunoni.
Mwalimu Ximena ameandika daftarini: ametulia mno,
nami hilo "mno" nimelala nalo siku tatu.

Jana, ulimi nje, nikichungulia kama kweli amemeza,
akaniuliza:
"Mama, yule wa zamani,
dawa hii inamuumiza?"

Nilimpaka mkate jamu hadi pembeni, apendavyo.
Kisha kwenye kalenda ya friji,
palipo na safu ya daktari, nikaandika:
Saa kumi na mbili na robo. Nusu.
Amemeza. Ameuliza.