Juni hadi Desemba

Mimi ni fundi wa picha za pasipoti, karibu na soko la Sabasaba.
Kitambaa cha buluu, stuli, taa mbili.
Nasema: masikio yaonekane. Usicheke.
Dakika tano tu, umeshakuwa wewe mara nne,
nakukata kwa mkasi, unalipa elfu tatu, unaondoka.

Kwa hiyo Nyemo Chilendu alipoingia na makopo ya maziwa
yaliyopakwa rangi nyeusi kwa ndani,
akaniambia kila kopo ni kamera,
nilimuuliza: lenzi iko wapi?
Akanionyesha tundu
ambalo hata sisimizi angeinama kupita.

"Na unafungua kwa sekunde ngapi?"
"Naanza Juni. Nafunga Desemba."

Nilicheka hadi mteja naye akacheka,
nikalazimika kumpiga upya.

Kopo moja alilifunga Nkuhungu, kwenye ua wa minyaa,
likaelekea magharibi, kwenye nyumba ya tembe ya Bibi Mbeleje,
ile yenye X nyekundu ukutani
na tarehe iliyoandikwa kwa brashi ileile.
Bibi aliuliza kama ndani yake mna kitu cha kula.
Nyemo akasema: hapana, lenyewe ndilo linakula. Linakula jua.
"Basi hapa litavimbiwa," akasema bibi,
akarudi kwenye kigoda chake mlangoni
kupepeta uwele.

Julai, upepo. Vumbi la Dodoma unalijua,
linaingia hata ndani ya yai.
Agosti watoto walilipiga mawe, likabonyea, likabaki.
Septemba, siku ya Jumanne, likaja tingatinga la njano,
likamaliza kazi chai haijapoa.
Kopo hakuna aliyelikumbuka.
Minyaa haikuguswa. Haikuwa kwenye ramani.

Mvua ya kwanza ilipokata tukaenda kulifungua.
Mimi nilishika mwavuli, si kwa ajili ya mvua:
mimi, mtu wa taa mbili, nimesimama matopeni
nikimkinga mtu na mwanga.
Karatasi ilitoka imejikunja kama jani la tumbaku.

Hii haioshwi, Nyemo alisema. Haina dawa.
Unachokiona ni kuungua tu,
na kila ukiitazama unaipunguza.
Tukaitazama kwa zamu, haraka haraka,
kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Nyuzi.
Jua lilipita kila jioni likaacha uzi wake,
uzi kando ya uzi, kama ukili unaosukwa,
na pale uzi ulipokatika Nyemo akaweka kidole: wingu.
Za Juni zinashuka, zinafika darini, zinakoma. Nyumba ipo.
Za Oktoba zinashuka, hazikomi,
zinapita ndani ya ukuta mpaka chini,
na ukuta bado unaonekana,
mwembamba kama chai ya mwisho wa mwezi.

Mbuzi hawamo. Watoto na mawe yao hawamo.
Mimi nilipita pale mara ishirini kumcheka, simo.
Tingatinga halimo. Lilipita upesi mno.
(Hilo lilinifurahisha. Sikusema.)

Ila mlangoni, upande wa kulia, kuna doa.
Nyemo anasema ni unyevu, kopo lilibonyea,
usianze kuona watu.
Sawa. Yeye ndiye msanii.
Lakini mimi nimekata watu kwa mkasi miaka kumi na tisa,
bega nalijua.

Tulimpelekea bibi kule Nala, kwa mwanawe,
nyumba ya bati, mlango wa chuma, kigoda kilekile.
Mbukwenyi, mbukwenyi. Tukamweleza habari ya mwanga,
kwamba atazame kidogo, airudishe kwenye bahasha.
Akaisogeza karibu na jicho lake zima.
"Masikio yangu yako wapi?" akaniuliza,
maana kitambulisho chake nilikipiga mimi.

Sikuwa na jibu.
Akatoka nayo nje, penye jua, aione vizuri.
Nyemo akanyoosha mkono,
kisha akaurudisha mfukoni.