Vinundu

Sikudhani alikoroga unga mweusi na maji ya sukari,
akazipaka mbegu za kunde kama ampakaye mtoto mafuta,
kivulini, nyuma ya kanga, jua la Kinyerezi lisiwaone.
"Wako hai," alisema. Nikacheka.
Mie nilikuwa na mfuko wangu wa urea, wa mkopo.

Vuli ikaja, ikaondoka na urea yangu
hadi Msimbazi.

Leo kang'oa mche mmoja, kaukung'uta mchanga:
mizizini vinundu, shanga zisizotungwa.
Kakipasua kimoja kwa ukucha,
ndani chekundu
kama ufizi.

Wapangaji hawa hawadai Luku wala choo,
na kodi wanalipa
kwa hewa waliyoipika.

Nikauliza bei ya ule unga.
Safari hii kacheka yeye;
jina lake limehamia kwangu.