Nusu Sekunde

Mimi ni mtu wa saa. Mezani pangu pana swichi moja,
nyekundu, imelika upande wa kidole gumba,
na kutoka kiti hiki nilimwona Emőke Dombi
akiingia ukumbi wa Komló ana miaka kumi na sita,
viatu vya kaka yake, soksi mbilimbili ili vimkae,
binti wa mchimba makaa aliyerudi nyumbani kila jioni
na macho yamepakwa wanja asioutaka.

Hakuwa mrefu. Alikuwa na mabega.
Aliudunda mpira chini kabisa, usawa wa kifundo,
kama mtu anayeinong'oneza sakafu,
kisha pasi ikatoka,
na aliyepasiwa ndiye alikuwa wa mwisho kujua.

Pécs wakamchukua. Misimu tisa.
Nami nikapanda daraja, nikahamia huko na kidole changu.
Januari, theluji ya Mecsek ikiziba madirisha,
ukumbi ulinuka soseji, sufu iliyolowa, dawa ya misuli,
na watu waligonga viti kwa ngumi: E-mő-ke, E-mő-ke.

Sasa niseme. Nimezunguka vya kutosha.

Fainali, mwaka themanini na sita. Tuko nyuma kwa pointi moja.
Zimebaki sekunde tatu. Mpira unarushwa kutoka pembeni
na kidole changu
(sikulewa, sikuhongwa, msinitafutie sababu nzuri)
kidole changu kikashuka kabla hajaugusa.
Akadunda mara moja, akaruka.
Honi ikalia mpira ungali kwenye ncha za vidole vyake.
Ukazama wavuni bila kugusa chuma.
Refa akapunga mikono: hapana.

Watu elfu tatu wakazomea. Yeye aligeuka
akaitazama meza. Hakutazama uso wangu.
Alitazama kidole.

Msimu uliofuata goti likaachia, mchezo wa kawaida tu,
hakuna aliyemgusa. Tulisikia mlio hadi mezani.
Koleo likavunjika; uhunzi haukumwacha.
Alianza na watoto wa shule, Jumanne na Ijumaa,
kwa mshahara wa kununulia vitunguu.
Kisha timu ya wanawake daraja la pili,
kisha barua ya mistari miwili: *tunakushukuru, tumempata mwingine.*
Miaka miwili akauza miwani dukani.
Halafu Pécs, walipobaki hawana mtu wala fedha,
wakamkumbuka.

Hapigi kelele. Hugonga benchi kwa pete.
Msichana akikosea humrudishia mpira ule ule:
*még egyszer*, mara nyingine,
na mara nyingine, hadi taa za nje ziwake.

Asubuhi moja niliwahi kuja, kubadili waya wa honi.
Walikuwa wakifanya mazoezi ya dakika ya mwisho.
Nilimsikia akihesabu: *Tatu. Mbili.*
Kisha kofi, na mpira lazima uwe umeshatoka mkononi.
*Tatu. Mbili.* Kofi.
Boglár, mdogo wao, mwenye meno ya waya, akauliza:
«Kocha, moja iko wapi?»
«Moja si yako,» akasema. «Moja ni ya meza.»

Nilikaa chini ya ngazi na bisibisi yangu
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Machi hii, fainali. Tuko nyuma kwa pointi moja;
Mungu naye hana hadithi nyingi.
Nilishika swichi kwa mikono miwili kama mtoto anayeshika kikombe.
Boglár akapokea, nikabonyeza, sawasawa, naapa, sawasawa,
naye hata hakuihitaji haki yangu:
honi ililia mpira uko juu, peke yake,
mbali na kila mkono.

Wakaruka wote. Emőke alikunja karatasi zake
akaja kutoa mkono mezani, kama ilivyo desturi.
Mwandishi wa pointi, mkono. Mwangalizi, mkono.
Mimi alinishika kidole gumba tu,
akakibonyeza kwenye kiungo kama daktari wa mifupa,
akauliza kama baridi hukisumbua.

Kidogo, nikasema.
Msimu wa kiangazi, hapana.