Deni la Satini

Niliwashonea mashati manne ya satini
mwaka ule karafuu ilipokuwa karafuu.
Mpaka leo hawajanilipa.

Gitaa la Shaame lilitoka katika pishi za babake,
mzee akidhani mwana kaenda Unguja kununua baiskeli.
Jenereta lilikuwa la skuli. Likikohoa,
Massoud huimba juu ya kikohozi chake,
na Wete nzima haikulala.
Wasichana wa Limbani waliandika RADI kwa hina viganjani,
kisha wakafumba ngumi, mama asione.

Wakaitwa Ng'ambo. Watu mpaka juu ya mapaa!
Massoud akavua shati langu, akalirusha:
halikufika chini zima.
Nilipohadithiwa nilicheka. Usiku nikaililia satini.

Kisha bei ikaanguka.
Wanasema waligombania mwanamke. Uongo.
Waligombania uzi mmoja wa gitaa,
wa mwisho, dukani hakuna, Mombasa hakuna.

Massoud yuko Maskati, anaendesha lori la maji.
Ngwali hupiga meza ya kahawa mpaka vikombe vinaruka.
Spika kubwa walitagia kuku.

Juzi Shaame kaja na shati lake mkononi.
"Niongezee kiunoni."
Nikafumua mshono wangu mwenyewe;
ndani, chaki yangu bado: ishirini na nane.
"Na deni?" nikamuuliza.
Akanyamaza, vidole vikatembea ubaoni mwa cherehani,
juu ya nyuzi sita zisizokuwapo,
na mguu wangu, mpumbavu huu,
ukamfuata.