Sekunde Mia na Themanini

Dakika kumi, nilijiambia usiku wa kwanza,
kwani mwanga huu umetembea miaka milioni kumi na moja
na mgeni wa mbali hafungiwi mlango upesi.
Nikaliacha jicho la kamera wazi juu ya paa la gereji,
hapa Inca de Oro, ambapo mvua ni kitu cha kusimuliwa,
nikaingia ndani kupasha supu ya maboga.
Niliporudi nyota zilikuwa zimefura kama mahindi ya kuchemsha,
nyeupe tupu, rangi zimeungua,
na katikati ya picha, mfereji wa moto:
lori la Eulogio lilikuwa limepinda kona ya kilima.

Mume wangu hubeba mawe ya shaba, zamu ya usiku,
siku saba mgodini, siku saba nyumbani.
Akifika kona ile huwasha taa kubwa mara mbili.
Ndiyo salamu yangu.
Salamu hiyo ilinila dakika kumi za galaksi.

Usiku wa pili nikawa bahili.
Sekunde kumi na tano, picha mia nane.
Haba na haba, nikasema.
Lakini haba ikizidi kuwa haba, kibaba hujaa makapi:
kila kamera ifumbapo jicho huacha punje yake ya kelele,
na punje mia nane ziliufukia
ukungu mwembamba niliokuja kuutafuta.
Nikapata kiini cha galaksi. Mikono yake, hapana.

Nolfa, anayefundisha hesabu Copiapó, akacheka simuni.
"Usiziulize nyota. Liulize giza lako.
Subiri mwanga wa anga uizidi kelele ya kamera,
kilima cha grafu kibanduke ukutani,
kidogo tu, kisha funga.
Ukingoja zaidi unachoma nyota bure."

Giza langu.
Nikatoka kulitazama kwa mara ya kwanza.
Kaskazini mgodi uliwaka kama harusi iliyokataa kwisha.
Utosini, weusi wa kisima.
Nikasubiri galaksi ipande hadi pale,
nikajaribu tisini, mia na ishirini,
mia tatu, ambazo upepo wa saa nane uliziyumbisha,
moja kati ya tatu ikawa ya kutupwa.
Mia na themanini zikastahimili.

Saa tisa na robo, taa. Mara mbili.
Picha ya arobaini na moja ikaungua,
hiyo peke yake.
Sikumjibu; ningewasha tochi
ningeichoma ya arobaini na mbili.
Nilisimama gizani na blanketi langu, nikihesabu.

Zilizoungua sizifuti.
Zina folda yake, jina lake Eulogio,
sasa zimefika kumi na tisa.
Siku moja nitazirundika hizo tu
nione ni nini kitajitokeza.